Barua ya Kukataa na Wazee Watatu wa Keringet

Nyinyi vijana mnaoandika, na najua mko wengi kwa sababu mnanifuata na miswada yenu mpaka msibani, wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Nimestaafu. Ofisi nimeifunga, mwenye nyumba nimemrudishia funguo zake, na bado kila asubuhi navaa viatu kama mtu anayechelewa kazini. Mwanangu ananiambia, "Mum, si utulie tu?" Nitulie wapi? Miaka yote nimesoma maneno ya watu na kuwaambia hapana. Kazi ya namna hiyo haimwachi mtu akakaa kitako.

Mimi naitwa Zuhura, mzaliwa wa Bondeni hapa Nakuru. Babu yangu aliletwa huku na reli kutoka Pwani, akaona baridi, akalalamika, akaoa, akabaki. Kazi yangu ilikuwa wakala wa waandishi. Msicheke. Mji huu unamjua wakala wa ploti, wakala wa bima na wakala wa kutuma pesa kwa simu. Wakala wa waandishi haukuwahi kumwona. Nilipobandika kibao changu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vipuri, mtu wa kwanza kupanda ngazi alikuja na hatimiliki ya shamba la Lanet nimtafutie mnunuzi. Nilipomweleza kwamba mimi huchukua mswada wa mtu, nikiupenda naupeleka kwa wachapishaji Nairobi nimtafutie mkataba, alinitazama kwa huruma akaniuliza kama nina watoto wanaonisaidia.

Na nisipoupenda? Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Nisipoupenda namwandikia mwenyewe kumkatalia.

Kukataa nilifundishwa na marehemu Mzee Odhiambo, mtoto wa reli kama mimi, ila babake alitoka upande wa magharibi. Alikuwa mhariri Nairobi kabla hajachoka na Nairobi. Yeye alisema barua za kukataa ni za aina mbili. Ya kwanza ni fupi: asante, haitufai, kila la heri. Hiyo unaiandika ukiwa umesimama. Ya pili ina maoni. Unamwambia mtu mahali hadithi yake ilipokwama, nani ndani yake ana uhai na nani ni gogo, na hiyo inakula wiki yako nzima. "Zuhura," aliniambia, "ukimwandikia mtu kurasa mbili za kumkataa, umemwambia arudi. Kama hutaki arudi, mpe mstari mmoja."

Basi shikeni hilo. Mkikataliwa kwa maoni, kuna mtu ameacha chakula chake kikapoa kwa ajili yenu. Hakuna anayefanya hivyo kwa mswada aliouchoka.

Lakini mnajibu vipi? Ee, mnanitia wazimu! Alikuwepo kijana mmoja wa Kaptembwo, Brayo, aliyeandika juu ya watu wa bodaboda. Alikuwa na sikio zuri sana. Nikamwandikia kwamba watu wake wote wanaongea kwa sauti moja, kwa mfano ukurasa wa kumi. Chai yangu haijapoa, simu ikalia: "Niaje mathe, nimeshafix. Check sasa." Nikafungua. Alikuwa amerekebisha ukurasa wa kumi. Nikamuuliza, na wa kumi na moja je? "Huo hukusema." Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikazunguka ile ofisi kama kuku anayetaka kutaga. Mfano ni mfano, jamani! Mtu akikwambia paa linavuja hapa, unapanda kuangalia paa zima.

Akaja mama mmoja wa Milimani, msomi, akanitumia ujumbe wa sauti. Nami kwa ujinga nikaufungua nikiwa kwa fundi viatu. Matusi yale yalimfanya fundi aache sindano. Jioni akatuma mwingine wa kuomba radhi, na sauti ilikuwa ya mtu aliyelia. Nilimsamehe, lakini kila nilipouona mswada wake nilisikia ile sauti ya kwanza. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi ulimi wenyewe una kitufe cha kutuma. Mchungaji mmoja wa Rhonda, niliyemkatalia pia, yeye hakunitukana. Aliitisha maombi, jina langu likatajwa kanisani, jirani yangu akaniletea habari. Baadaye tulikutana sokoni, akanisalimia vizuri tu, akauliza kama maombi yamefika. Nikamwambia yamefika, Mchungaji, ila sura ya pili bado ni ndefu.

Hao wote nawapenda. Wanaoninyima usingizi ni wale walionyamaza. Chini ya kila barua ndefu tuliandika, "Ukirekebisha, nitasoma tena." Mzee Odhiambo aliandika hivyo, nami nikaandika hivyo. Na bado watu walisoma mstari wa kwanza, wakaikunja barua, wakarudi kuuza nguo, na hadithi ikafia hapo. Ninawakumbuka kwa majina. Nimesimama sasa hivi nikaenda dirishani kwa sababu yao, nimerudi.

Sasa niwaambie juu ya Mwalimu Joel.

Joel alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkulima wa viazi kule Keringet. Mswada wake ulikuja kwa gari la vifurushi, umefungwa kwa karatasi ya gunia la mbolea. Ni hadithi ya baba anayeitwa Kiptoo. Binti yake ameolewa mbali, ndoa imemshinda, amerudi nyumbani na watoto. Baba anataka kumpimia kipande cha shamba ajenge na apande. Wazee wa ukoo, wakiongozwa na kaka mkubwa wa Kiptoo, wanakataa. Basi, hadithi ni hiyo. Nilisoma kwa hamu. Mtu yule alijua kuandika baridi ya alfajiri shambani, na mikono ya mwanamke anayechimba viazi huku mtoto amelala kwenye gunia.

Lakini wale wazee! Kila walipotokea walisema hapana. Sura inayofuata, hapana tena. Halafu mwisho kabisa, kaka mkubwa anaamka asubuhi moja na kukubali, kila mtu anafurahi, kitabu kimekwisha. Nikamwandikia kurasa mbili. Nilimwambia wazee wake ni magogo. Nikamwambia mtu hakatai ovyo, anakataa kwa sababu kuna kitu kinamuuma, na wewe hujanionyesha kinachowauma. Juu ya mwisho nikaandika: hakuna mtu anayebadilika bila sababu, sikumwamini huyu kaka hata kidogo. Chini nikaweka ule mstari wetu, nikatuma.

Kimya. Nikasema, haya, tumempoteza na huyu.

Siku moja nikiwa napanga bahasha nikasikia fimbo kwenye ngazi. Wakaingia wazee watatu wenye makoti mazito na kofia, wa mwisho akivuta gunia nusu la viazi, na wa mbele ameshika kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa yenye mkaa. Aliyeshika kibuyu akasema yeye ndiye Joel. Huyu ni kaka yake mkubwa, Kimeli. Na huyu wa gunia ni Mzee Sigei, wa rika la Kimeli, mwenye kauli katika ukoo.

Nikaona hatari. Nikasema, "Wazee karibuni sana, lakini mimi sipokei zawadi kwa sababu ya mswada. Itaonekana hongo."

Joel akaketi polepole. "Mama, hii si hongo. Hii ni heshima. Wewe uliandika mtoto wangu ako na makosa. Kwetu mtu akienda kuomba msichana, siku ya kwanza hapewi. Anaambiwa makosa ya kijana yake, moja moja. Na yeye hajibu. Anasikia, anabeba hiyo maneno, anarudi nayo nyumbani. Sasa tumekuja kusikia."

"Lakini umeshasoma barua, Mwalimu."

"Nimesoma peke yangu. Peke yangu si kusikia."

Nawaambia ukweli, sikujua nicheke au niwape chai. Niliwapa chai. Mkono mtupu haulambwi, na wao hawakuja mikono mitupu. Nikamuuliza Kimeli kama amekisoma kitabu cha mdogo wake. Akasema yeye si mtu wa vitabu. "Sisi tumemsindikiza. Ni ya ndugu yetu. Soma."

Nikaanza kuisoma barua yangu kwa sauti. Mara ya kwanza maishani! Wakati wa kuandika nilikuwa nimejiona mkali na mwerevu, na sasa kila sentensi ilikuwa inawapiga wazee wale usoni. Nikasema hadithi inahusu nini. Nikasema binti amerudi. Nikasema baba anataka kumpimia. Nilipofika pale pa wazee wanaokataa, chumba kikabadilika.

"Wazee wagani?" akauliza Kimeli.

Sigei ndiye aliyesema, akiangalia kikombe chake, "Hiyo ni Chepkorir."

Hapo ndipo nikaelewa, na mengine Joel alinieleza baadaye. Chepkorir alikuwa binti wa Joel, wa kuzaa, si wa karatasi. Alikuwa amerudi kutoka kwa mume na watoto wake, akilima kipembe cha shamba alichoazimwa na babake, na aliyekuwa akikataa apimiwe rasmi ni huyu huyu Kimeli aliyekuwa akinywa chai yangu. Bila kupimiwa hakuweza kuweka hata nguzo ya nyumba. Na kwa neno moja la Kimeli, ukoo ungemwondoa hata kwenye kile kipembe.

Mshipa wa shingo ya Kimeli ulisimama. Nilidhani atainuka na fimbo yake. Lakini siku ya kwanza hakuna kujibu. Alikuwa amefungwa na desturi yake mwenyewe, mbele ya mgeni, na kikombe mkononi. Nilisoma mpaka mwisho. Akasema neno moja, "Tumesikia," wakaondoka.

Nilimkimbilia Joel kwenye ngazi. "Mwalimu, umewaleta makusudi!"

"Mama, nyumbani nikianza hiyo maneno wanasimama wanaenda zao. Hapa tuko ugeni. Hawawezi kusimama."

"Na akikasirika akamfukuza msichana?"

"Hiyo pia nimefikiria. Lakini wewe uliniambia sijui kitu inawauma. Ni kweli. Mimi ni ndugu yake na sijui. Ningeuliza wapi?"

Siku zilizofuata sikuwa na raha. Ilikuwa msimu wa kuchimba viazi na simu ya Joel haikupatikana. Nilijiona nimetupa kiberiti kwenye boma la watu kwa ajili ya sentensi zangu mbili tatu za ujanja. Nilisoma miswada ya wengine bila kuielewa. Usiku mmoja ule mursik niliunywa wote, na sikuwa naupenda. Kama Chepkorir angefukuzwa na watoto wake, ni barua yangu iliyosomwa kwa mdomo wangu. Mwanangu akaniambia ninatembea sana ndani ya nyumba, nitamaliza zulia.

Walirudi baada ya mavuno bila kutoa habari, wote watatu. Safari hii Joel alikuwa na daftari la shule na kalamu mbili. Siku ya pili, akanieleza, ni ya kujibu makosa. Akamgeukia kaka yake kwa adabu zote. "Mama alisema wazee wangu ni magogo, wanasema hapana tu. Wewe ni mzee. Nisaidie. Wangesema nini?"

Kimeli alikuwa amejiandaa. Alisema ng'ombe wa mahari walishapokelewa na kuliwa, nani atarudisha? Alisema mume anaweza kuja kesho kudai shamba pamoja na watoto, na ukoo mwingine ukapata mguu ndani ya boma lao. Alisema leo ni Chepkorir, kesho kila msichana aliyegombana na bwana yake atarudi na kamba ya kupimia. Sigei alikuwa akiitikia kwa kichwa kila hoja, na Joel anaandika, hamkatizi, habishani. "Sasa ukiandika tunasema hapana tu," Kimeli akamaliza, "umetusingizia. Sisi hatukatai bure."

Ingetosha. Mwandishi mwingine angefunga daftari akaenda kuwawekea magogo yake maneno hayo mdomoni, nami ningefurahi. Lakini mimi mdomo wangu haujawahi kukaa mahali pake. Nikasema, "Mzee, hizo ni sababu za baraza. Mtu yeyote angezitoa. Yako wewe ni ipi?"

Joel akaacha kuandika. Sigei akanitazama kama mtu aliyeona mtoto akigusa jiko. Kimeli alizungusha fimbo mikononi, akazungusha, mpaka nikataka kumwomba msamaha.

"Mimi pia msichana wangu alirudi," akasema. "Chelangat. Alikuja na nguo zake kwa mfuko. Nikamwambia hapa si kwake, arudi kwa bwana yake. Hakulala hata hiyo usiku. Alienda, na hajakanyaga kwangu tena mpaka wa leo." Akaiegemeza fimbo gotini. "Sasa Joel akipea wake shamba, mimi nitasema nilifukuza wangu kwa nini?"

Hakuna aliyegusa kikombe. Joel alikuwa amemkazia macho kaka yake. Alijua kwamba Chelangat haji nyumbani, wote walijua, lakini hili hakulijua.

"Andika," Kimeli akamwambia. "Si uko na kalamu? Andika."

Joel akaandika.

Sikilizeni vijana, nawakatiza hapa kwa sababu hili ndilo ninalotaka mlishike. Mwalimu Joel hakuniambia sikumwelewa. Hakunitumia ukurasa wa kumi peke yake. Hakunishukuru kwa aya tatu za sukari, wala hakukimbilia kubadilisha maneno usiku ule ule ili nione ana bidii. Alichukua lile lililomuuma zaidi katika barua yangu, akakubali kwamba hajui, akaenda kulitafuta mahali lilipo, hata kama palikuwa mahali pa hatari kwake na kwa binti yake. Kama hamna wazee wa kwenda nao, tafuteni mtu awasomee maoni kwa sauti huku mmefunga midomo. Msijibu siku hiyo. Andikeni tu, "Nimepokea, nimeshukuru, nitarudi." Kisha rudini.

Mswada wa pili ulikuja na gari lile lile, karatasi ile ile ya mbolea. Niliuanza nikikaanga maandazi, na maandazi yale hakuna aliyeyala. Kaka mkubwa sasa alikuwa mtu. Nilimchukia, nikamwelewa, nikamchukia tena. Na mwisho ulikuwa umegeuka. Kaka hakubali. Anazeeka na hapana yake, anakufa nayo, na siku ya mazishi binti aliyemfukuza anakuja, anasimama nje ya lango, anatazama watu wakishusha jeneza, anaondoka bila kuingia. Nililia nimesimama jikoni, wallahi, na mwiko mkononi.

Nikampigia Joel kumwambia nimeukubali. Akanizuia. "Usiseme kwa simu, mama. Hiyo inasemwa mbele ya wazee."

Kitabu kilikuja kutoka, mkitaka kujua, na kimesomwa na watu wake. Ila mimi nikikikumbuka sikumbuki jalada. Nakumbuka siku hiyo ya tatu, walipokuja kusikia jibu.

Walikaa viti vile vile. Mvua zilikuwa zinakaribia na Chepkorir alikuwa bado hajapimiwa. Alikuwa ametayarisha mbegu bila kujua atazipanda wapi. Nikasema kwa sauti ya kutosha kwamba nimeukubali mswada wa Mwalimu Joel na nitausimamia. Sigei akapiga makofi mara moja, akatema mate kifuani kwake kidogo, baraka hiyo, akacheka. Joel akainamisha kichwa. Kimeli hakucheka.

"Amenisomea hiyo kitabu yote," akasema. "Jioni baada ya jioni. Sasa mimi pia niko na maoni."

"Sema, kaka."

"Huyu mzee umemuua akiwa bado amekataa. Si vizuri. Badilisha hapo. Mwache akubali kwanza, halafu afe."

Nikamtazama Joel. Mtu yule alikuwa amebeba kila neno langu mpaka Keringet na kurudi nalo. Kila kosa nililomtajia alilipokea kwa mikono miwili. Nilijua atasema sawa, kwa sababu ni kaka yake mkubwa, na nikahisi mwisho ule mzuri unateleza. Nilikuwa nimesimama dirishani. Nikaushika ulimi wangu kwa meno.

"Hapana," Joel akasema.

Kimeli akageuka mwili mzima.

"Mama aliniandikia hakuna mtu anabadilika bila sababu. Mara ya kwanza nilimfanya akubali tu, na haikuwa kweli, kila mtu akaona. Nikimgeuza leo kwa sababu wewe ni kaka yangu, nimedanganya tena." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Yote mlisema nimerekebisha. Hii moja siwezi. Mwisho huo hautabadilishwa na kalamu, kaka. Ubadilishe wewe, na mimi nitaandika."

Huko chini mtu wa vipuri alikuwa akigonga chuma, akaacha. Nilimwona Sigei akifumba macho. Mimi nilishika ukingo wa dirisha, kwa sababu kama Kimeli angeinuka sasa, hakuna desturi ya kumrudisha kitini. Siku ya tatu kila mtu ana ruhusa ya kuondoka.

Akaingiza mkono ndani ya koti. Akatoa simu ndogo iliyofungwa kwa mpira, akaninyooshea mimi. "Mama, macho yangu haioni hii kitu. Nitafutie Chelangat."

Jina lilikuwemo. Nilibonyeza, nikaweka sauti ya nje bila kuombwa, nikamrudishia. Ililia sana. Kisha sauti ya mwanamke ikaitika, ya haraka, na wakaanza kuongea Kikipsigis. Mimi sikijui. Sigei akanisogelea, akawa ananinong'onezea.

"Msichana anauliza ni nani amekufa."

Kimeli akasema kitu.

"Mzee anamwambia hakuna mtu amekufa. Anauliza watoto. Msichana anauliza tena, baba, ni nani amekufa?"

Kimeli akaondoa kofia, akaiweka juu ya goti. Alisema sentensi moja ndefu, akisimama katikati mara mbili kutafuta pumzi, na Sigei hakunitafsiria. Nikamvuta mkono wa koti. Ilibidi apanguse pua kwanza.

"Amemuuliza kama bado anataka kurudi nyumbani."

Tukamsikia Chelangat analia, kilio cha mtu anayejaribu kusogeza simu mbali ili asisikike. Kimeli hakukata. Aliishika vile vile mbele ya uso wake mpaka upande ule ukanyamaza wenyewe, kisha akaifunga na mpira wake na kumgeukia Joel, na akaongea Kiswahili ili nami nisikie, kwa kuwa tulikuwa kwangu.

"Kesho tafuta kamba ya kupima," akasema. "Tutaanza na ya Chepkorir."